Siku Saba Arizona: Tulizunguke Jimbo Lote au Tuchague Kona Moja?

Ukiitandaza ramani ya Arizona mezani, kila kitu kinaonekana karibu. Jimbo lina kilomita za mraba 295,000 na ushei, kiasi cha nusu ya Kenya, na barabara zake kuu ni nzuri hata kidole kinatoka Tucson kusini hadi ukingo wa Grand Canyon kaskazini bila kukwama popote. Hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia. Ramani hiyohiyo inaonyesha kwamba ukingo wa kusini wa Grand Canyon na ule wa kaskazini vimetengana kilomita 16 tu. Ndivyo ilivyo, kwa ndege wa angani. Mwenye gari hulizunguka korongo kwa kilomita 340.

Waswahili waliohamia Phoenix na Tucson, wakiwemo Wakongo wengi waliopokewa huko kama wakimbizi, hulikuta swali hili kila ndugu anapokuja kuwatembelea: gari lipo, siku ni saba, tumpeleke wapi? Nimelipeleka kwa sauti nne za nyumba moja ya Phoenix. Mjomba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama, dada yake, anapika katika jiko la hospitali. Binti wa Mama anasoma jiolojia chuo kikuu. Mgeni ni mdogo wa mume wa Mama. Bado yuko Dar es Salaam, na sauti yake inatoka kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Mume mwenyewe yuko kazini zamu ya usiku na ameshasema litakaloamuliwa atalifuata. Watu hawa nimewatunga, lakini hoja zao ndizo zinazobishaniwa kweli, na nitakapokuwa na langu la kusema nitalisema.

MJOMBA: Naanza mimi, kwa kuwa usukani nitaushika mimi. Siku saba ni nyingi. Ya kwanza tunashuka Tucson, tunaliona lile kanisa jeupe la San Xavier lililomalizwa kujengwa mwaka 1797, tunalala Tombstone, mji wa yale mapambano ya bastola ya mwaka 1881. Ya pili Bisbee, mji wa machimbo ya shaba, jioni tumerudi kulala nyumbani bila gharama. Ya tatu Sedona na Flagstaff. Ya nne Grand Canyon, ya tano Page, ya sita Monument Valley, ya saba tunarudi. Shemeji ataondoka amelimaliza jimbo.

MGENI: Na Las Vegas je? Nasikia kutoka Grand Canyon ni pua na mdomo.

BINTI: Hapana, Baba mdogo. Kutoka ukingo wa kusini ni zaidi ya saa nne za kuendesha, na ni jimbo jingine kabisa. Halafu Mjomba, safari uliyoitaja ni karibu kilomita 2,000.

MJOMBA: Elfu mbili ukizigawa kwa siku saba hazifiki 300 kwa siku. Hizo mimi huzimaliza kabla ya chai ya saa nne.

BINTI: Unazimaliza kwa sababu hushuki garini. Mimi nakuuliza jambo moja tu: jua likichomoza tutakuwa wapi, na likizama tutakuwa wapi? Katikati ya mchana, jua likiwa la utosi, mwamba mwekundu unapauka na vivuli vinatoweka, na Grand Canyon yenyewe, yenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, inakaa bapa kama picha iliyofifia. Asubuhi na jioni ndipo kila tabaka linajitenga na mwenzake. Ratiba yako inatufikisha kila mahali saa sita mchana, na saa zote za mwanga mzuri tuko barabarani tunatafuta kituo cha mafuta.

Binti amegusa kiini cha jambo, na hapa sitaificha rangi yangu: niko upande wake. Jangwa halina pilikapilika za kumpokea mtu saa yoyote anapofika. Linataka umekwisha kuwepo mwanga unapobadilika. Korongo lile lina urefu wa kilomita 446, na sehemu nyingine upana wake unafika kilomita 29. Mtu akishuka garini adhuhuri, akasimama kwenye kizuizi cha mawe, akapiga picha na kuondoka, ameona ukubwa tu, na ukubwa peke yake unachosha upesi. Akae palepale saa mbili za jioni, auone mstari wa kivuli ukipanda ukutani, ukilimeza tabaka moja baada ya jingine: chokaa ya juu yenye umri wa miaka milioni 270 ikiwa bado inawaka, na chini kabisa, kandokando ya mto Colorado, mwamba mweusi wa zaidi ya miaka bilioni moja na nusu ukiwa umeshaingia gizani. Ndipo atakapojua kwa nini watu wanavuka bahari kuja kulitazama shimo.

MGENI: Mwanangu, nakusikia, lakini nisikilizeni na mimi. Ninyi mkikosa mahali mtasema tutakwenda mwakani. Mimi nimelipia maombi ya viza, nimeulizwa maswali ubalozini, nauli nimejinyima ndipo nikaipata. Huenda nisirudi tena huko maisha yangu yote. Mtu anayekuja mara moja mkimwambia achague kona moja, mnamnyima.

MJOMBA: Umesema kweli, shemeji. Ndiyo maana nasema tuzunguke.

MAMA: Shemeji, wewe ulipompokea yule rafiki yako wa Ujerumani, ulimpeleka wapi?

MGENI: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro getini, Zanzibar. Siku tisa.

MAMA: Na alipoondoka ulituambia nini kwenye simu?

MGENI: Nilisema alilala sana garini.

Hoja ya Mgeni ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa mezani, na haifai kujibiwa kwa methali. Mtu wa Dar hana Arizona ya pili. Lakini kwa sababu hiyohiyo asipewe jimbo zima kwa vipande vya nusu saa. Anayekuja mara moja ndiye anayehitaji kuwa amefika mahali, akajua harufu yake asubuhi na jina la aliyemwongoza. Mkazi ndiye anayeweza kumudu safari ya kupitapita, kwa kuwa mahali alipopaonja atarudi akapakalie.

MGENI: Haya, hilo la wapi tutalimaliza. Likizo yangu ni Julai.

MAMA: Julai! Shemeji, mwaka 2023 hapa Phoenix, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, joto lilifika nyuzi 43 za Sentigredi na kupita siku 31 mfululizo. Mwaka ule katika kaunti yetu peke yake walihesabiwa watu 645 waliokufa kwa mambo yaliyohusu joto. Wazee ndani ya nyumba ambazo kiyoyozi kimeharibika, watu waliodondoka kwenye lami. Mimi Julai mkono wa mlango wa gari naufungua kwa kitambaa.

MJOMBA: Dada, hiyo ni Phoenix, na sisi hatutakaa Phoenix. Phoenix ni mita 330 juu ya bahari, Flagstaff ni mita 2,100, na mwendo ni saa mbili na kidogo. Ni kama shemeji anavyotoka Tanga akapanda Lushoto, ila kupanda kwenyewe huku ni kurefu zaidi. Unaondoka na madungusi, yale saguaro marefu yenye mikono, unafika kwenye misonobari. Usiku unavaa sweta Julai hiyohiyo.

BINTI: Mjomba hajakosea. Anayesema Arizona ni joto tu hajapanda kilima cha Black Canyon City. Lakini joto si kikwazo pekee cha Julai. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi, na mvua ya jangwani haimnyeshei inayemuua. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon karibu na Page. Ule ni mpasuko mwembamba ndani ya mwamba, sehemu nyingine unagusa ukuta huu na huu kwa mikono yako miwili. Mvua ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale walipokuwa. Maji yakaja kwa mkondo mkavu, yakaingia kwenye ule mpasuko, na hapakuwa na pa kupanda.

MJOMBA: Na vumbi. Mimi hilo nimelipitia kwenye I-10 kati ya Tucson na Phoenix. Unaona mbele ukuta wa rangi ya udongo kutoka ardhini hadi angani, na bado jua linakuwakia mgongoni. Dakika mbili tatu hivi huoni boneti yako. Wageni hufanya kosa moja: wanasimama pembeni, taa zinawaka, mguu uko kwenye breki. Wa nyuma yako anaziona taa nyekundu, anadhani wewe ndiye barabara, anakufuata, anakugonga. Unatakiwa utoke kabisa nje ya lami, uzime taa zote, uvute breki ya mkono, uondoe mguu kwenye breki. Kisha unakaa gizani unangoja.

MAMA: Basi Julai imekwisha. Mengine?

BINTI: Katikati ya Mei. Chuo kitakuwa kimefunga, mvua hazijaanza, mchana ni mrefu, na saguaro zinachanua. Ua lake hufunguka usiku, na kesho yake mchana limeshafunga. Kaskazini jioni kutakuwa na baridi ya kuvaa koti, mchana tutatembea bila taabu. Na Baba mdogo, Mei huko kwenu ni masika. Omba ruhusa kazini, usogeze likizo.

Mgeni alinung'unika kuhusu bosi wake, kisha akakubali. Suala la mwezi lilimalizwa haraka kuliko nilivyotarajia, na nadhani ni Mjomba aliyelimaliza kwa habari ya taa, ingawa ndiye aliyekuwa akiitetea Julai.

Likabaki suala la kusini, na hapo sauti ya Mama ilibadilika.

MAMA: Tombstone na Bisbee siendi.

MJOMBA: Kwa nini, dada?

MAMA: Unajua kwa nini. Barabara zile za karibu na mpaka wa Meksiko zina vizuizi vya askari wa mpakani, ndani ya nchi kabisa, kilomita nyingi kutoka mpakani. Unasimamishwa, unaulizwa uraia wako mbele ya watoto.

MJOMBA: Karatasi zetu zote ziko sawa. Mimi napita pale na mzigo, wananiuliza, najibu, naondoka. Tukianza kukwepa barabara, tumejifanya wahalifu wakati hatujafanya lolote.

MAMA: Sikwepi, kaka. Kadi yangu ya ukazi iko kwenye pochi kila siku, kwa sababu sheria inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 18 aibebe, na shemeji akifika pasipoti yake itakuwa mfukoni mwake, si kwenye sanduku. Lakini nina wiki moja ya mapumziko kwa mwaka. Sitaki hata asubuhi yake moja ianze kwa moyo kunidunda.

BINTI: Na kusini tunakufikia siku yoyote ya Jumamosi. San Xavier ni mwendo wa saa mbili kutoka hapa.

Wapo watakaomwona Mama kuwa mwoga. Mimi simwoni hivyo. Vitabu vya kuongoza watalii vinaandikwa kana kwamba wasafiri wote wana pasipoti ya aina moja na ngozi ya aina moja, na mipango ya familia zetu haiwezi kuiga vitabu hivyo. Mjomba ana haki ya kutokubali kuogopa. Mama ana haki ya kuamua mapumziko yake yaendeje. Kusini kukafutwa, na kwa kufutwa huko jimbo likawa limekatwa nusu bila Binti kutumia hoja yake yoyote.

MJOMBA: Sasa tumebaki na kaskazini. Sedona, Flagstaff, Grand Canyon, Page, Monument Valley. Hizo angalau msizipunguze.

BINTI: Nataka kupunguza tatu na kuongeza mbili. Sedona tuipite, ina msongamano wa magari hata siku za kazi. Flagstaff tule mchana, tujaze mafuta, tuendelee. Page tuiache. Tulale siku mbili ukingoni Grand Canyon, halafu tuingie mashariki, nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili: Monument Valley usiku mmoja, Chinle kwenye Canyon de Chelly siku mbili, na Holbrook usiku wa mwisho ili tuione ile misitu iliyogeuka mawe. Siku sita za kulala, ya saba tunarudi. Haizidi kilomita 1,400.

MGENI: Page ndiko kwenye ile picha! Mto unajipinda kama kwato ya farasi. Hiyo ndiyo niliyowaahidi watu hapa.

BINTI: Horseshoe Bend. Unaegesha, unalipa, unatembea kidogo, unapiga picha ambayo kila mtu anayo, unarudi garini. Na Antelope Canyon tangu yale mafuriko haiingiliki bila mwongozaji. Mnaingia kwa makundi, kila kundi na saa yake. Si pabaya. Lakini tukipitia Page tunapoteza siku nzima ya Chinle.

MAMA: Chinle kuna nini cha kushinda Page?

BINTI: Kuna watu, Mama. Grand Canyon ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1919. Unakuta hoteli, mabasi, maofisa. Canyon de Chelly nayo inasimamiwa na idara ya hifadhi tangu mwaka 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo, na wao wenyewe wamo humo mpaka leo. Ukisimama juu ukingoni unaona chini shamba la mahindi, farasi wawili, pikapu imeegeshwa chini ya mti, na ukutani juu yao nyumba za mawe zilizoachwa na watu wa kale mamia ya miaka iliyopita. Barabara za ukingoni unaziendesha mwenyewe bila kulipa. Kushuka chini huruhusiwi bila mwongozaji Mnavajo. Na pale ndipo palipotokea yale ya mwaka 1864. Jeshi la Marekani chini ya Kit Carson liliingia korongoni, likachoma mahindi, likakata miti ya mipichi iliyokuwa imepandwa na vizazi, ili njaa iwatoe watu. Waliotoka walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo huko New Mexico. Wengi walifia njiani na kambini. Mwaka 1868 walitia saini mkataba wakarudi. Hadithi hiyo nataka Baba mdogo aisikie akiwa amesimama mle ndani, kwa mtu ambaye bibi wa bibi yake alikuwamo.

MAMA: Na wao wanataka tuende? Maana nisije nikawa kama wale wanaomfungulia Mmasai dirisha la gari, wanampiga picha, wanafunga dirisha.

MGENI: Ngorongoro nimeliona hilo mpaka nimelichoka. Gari halizimwi hata injini.

BINTI: Ndiyo maana ya mwongozaji. Tunamlipa yeye moja kwa moja, anatuambia pa kupiga picha na pa kuacha. Mtu hapigwi picha bila kuombwa. Na vijiji vya Wahopi, ambavyo viko katikati ya nchi ya Wanavajo, haviruhusu picha kabisa: si kamera, si simu. Pombe pia ni marufuku katika nchi ya Wanavajo, kwa hiyo Mjomba ile bia yako ya jioni utaisubiri Holbrook.

MJOMBA: Nitaisubiri. Lakini nchi unasema, kana kwamba tunavuka mpaka.

BINTI: Tunavuka, ingawa hakuna kizuizi barabarani. Wana serikali yao Window Rock, rais wao, polisi wao. Ardhi yao inaingia majimbo matatu, kama kilomita za mraba 70,000. Ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha. Na saa yao ni nyingine.

MGENI: Saa nyingine vipi?

BINTI: Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi kama majimbo mengi ya Marekani. Wanavajo wanasogeza, kwa kuwa nchi yao inaingia pia Utah na New Mexico. Wahopi walio katikati yao hawasogezi. Kwa hiyo mwezi Mei ukitoka Flagstaff ukaingia kwa Wanavajo unakwenda saa moja mbele, ukiingia kwa Wahopi unarudi, ukitoka upande wa pili unakwenda mbele tena. Simu hufuata mnara iliounasa, na mnara huenda ni wa upande mwingine. Mwongozaji akikwambia saa tatu asubuhi, simu ya Mjomba inaweza kusoma saa mbili, na Mjomba akawa bado anakunywa chai.

Hii habari ya saa si kitu kidogo. Nimeiona mipango iliyopangwa kwa uangalifu, na vyumba vimelipiwa, ikavunjika kwa saa moja tu. Anayekwenda huko na avae saa ya mkononi aliyoirekebisha mwenyewe, isiyofuata mnara wowote.

Mjomba sasa alikuwa amenyamaza, kalamu mkononi. Aliporudi kusema alikuwa ameacha kubishana kuhusu wapi. Alikuwa ameshahamia kwenye vipi. Huko ndiko kwenye ujuzi wake, na nafurahi kumwachia nafasi.

MJOMBA: Nisikilizeni. Mafuta: tangi likifika nusu tunajaza. Hatungoji robo. Flagstaff, Cameron, Tuba City, Kayenta, Chinle, basi. Kati yao ni wewe na upepo. Gari la dada ni zima, hatukodi. Ila Monument Valley ile njia ya ndani ya kilomita 27 ni ya vumbi, ina mawe na mchanga, hatuiingizi gari letu. Tunapanda gari la mwongozaji wao. Na aliyekodi gari ndiye aogope zaidi, kwa kuwa bima nyingi za kukodi hazifuati gari likitoka kwenye lami. Spea niikague upepo kabla ya kuondoka, watu husahau kwamba spea nayo huisha upepo. Maji: lita nne kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja la ziada nyuma ambalo haliguswi hata kwa kunawa. Ramani ya karatasi. Simu itakufa katikati ya Tuba City na Kayenta, na usipojua hilo utadhani umepotea.

MAMA: Chakula nitapika. Chapati, nyama ya kukaanga, sambusa, viazi. Boksi la barafu linatosha siku tatu.

BINTI: Za Grand Canyon sawa, Mama, huko vyakula ni ghali. Ukingoni tuhesabu pia kwamba getini gari hulipa, na kwa wakazi kuna pasi ya mwaka inayofaa hifadhi za taifa zote. Monument Valley pasi hiyo haikubaliki, ile ni hifadhi ya Wanavajo wenyewe tangu mwaka 1958, tunalipa kwao. Lakini tukifika Kayenta na Chinle tusile chapati garini. Nyumba nyingi huko hadi leo hazina bomba la maji; watu wanabeba maji kwa pikapu. Wanaouza chakula pembeni mwa barabara wanaishi kwa hicho. Kuna mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaangwa kwenye mafuta, ule uliozaliwa kwa unga na mafuta ya mgao wa serikali wakati wa yale mateso. Tule kwao.

MAMA: Kondoo nakubali. Kwa hiyo nipike za siku tatu.

MGENI: Na kushuka ndani ya Grand Canyon? Nilitaka nishike maji ya mto ule.

BINTI: Kwenda mtoni na kurudi siku moja, hifadhi yenyewe inakataza kwa nguvu zote, na walinzi wanaowabeba watu kila kiangazi wanajua kwa nini. Unashuka asubuhi ukiwa na nguvu na ubaridi, chini joto linazidi la juu kwa nyuzi 10 na zaidi, na kupanda ndiko kunakuja mwisho, ukiwa umechoka. Kanuni yangu: tunashuka kwa muda wa saa moja, tunageuka, tunajipa saa mbili za kupanda. Tunaanza alfajiri saa kumi na moja na nusu, jua likiwa ndiyo kwanza limetoka.

MAMA: Mimi na baba yako tutakaa juu.

BINTI: Kaeni kwenye ule mnara wa mawe wa Desert View uliosanifiwa na msanifu majengo Mary Colter, uliofunguliwa miaka ya 1930. Mto mnauona kutoka pale.

MGENI: Na hayo mawe ya Holbrook yana nini?

BINTI: Hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Ni magogo. Yamelala mchangani kama msitu uliokatwa jana, yamekatika vipande vipande, na ukiinama unaona gome, unaona kifundo cha tawi lilipokuwa. Kisha unaligusa gogo, ni baridi na gumu, kwa ndani ni jekundu, la manjano, la zambarau, linameta. Miti ya zaidi ya miaka milioni 200. Ilifukiwa na matope ya mto na majivu ya volkano, maji yenye silika yakaingia ndani ya ubao polepole na kuacha jiwe pale palipokuwa na mti. Chembe za mawe hayo zimetapakaa chini kila unapokanyaga, na hairuhusiwi kuokota hata moja. Watu huokota, kisha miaka mingi baadaye huzirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi.

MAMA: Mifuko nitaipekua mimi.

Hapa ndipo nami naweka kalamu upande wa Binti bila kusita. Ratiba ya Mjomba ingempa Mgeni orodha ya majina. Hii inampa asubuhi mbili za Grand Canyon, jioni moja ya Monument Valley wakati vile vilima vyekundu vinapotupa vivuli vyake mchangani, siku nzima na mtu wa Chinle, na magogo ya Holbrook. Namwonea huruma kwa Page, na sidhani kuna jibu litakalomridhisha kabisa. Aliyeahidi picha nyumbani ameahidi.

MGENI: Haya. Page nimeisamehe. Lakini mtanipeleka San Xavier Jumamosi kabla sijaondoka.

MAMA: Hiyo ni ahadi.

MJOMBA: Na mimi nina sharti langu. Siku ya saba kutoka Holbrook tusifuate njia fupi ya Payson. Tupite Show Low na Globe, tuvuke Salt River Canyon. Barabara inashuka hadi mtoni kwa kona, inapanda tena upande wa pili, na mimi sitakuwa na tela nyuma. Mnakubali?

BINTI: Tunakubali, tukiondoka mapema.

MAMA: Nani anaweka vyumba?

BINTI: Mimi, leo hii. Vya ndani ya hifadhi ya Grand Canyon vinaisha miezi mingi kabla. Nikikosa tutalala Tusayan, nje ya geti. Kesho nampigia mwongozaji wa Chinle.

MAMA: Ukimpigia, muulize na saa anayoisema ni ya kwao au ya kwetu, uiandike kwenye karatasi, karatasi unipe mimi.